Usukani Unaosema: Historia ya Nguvu Iliyoondolewa na Kurudishwa



Neno usukani halikuzaliwa barabarani. Lilitoka baharini. Kabla gari la kwanza halijateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, wazee wa Lamu, Pemba, Bagamoyo na Kilwa walikwisha kuwa na usukani: ule ubao wa nyuma ya chombo unaokata maji, pamoja na kana, yaani mkono wa kuuendeshea. Waarabu husema sukkan. Sisi tukalipa neno hilo kiambishi chetu, likawa letu. Gari lilipofika, watu wa pwani hawakuhangaika kutafuta neno jipya. Waliona duara mbele ya dereva, wakaona kazi yake, wakasema: huu nao ni usukani.

Jina hilo lilistahili kuliko walivyodhani waliolitoa. Mshika kana usiku wa kiza hayaoni maji. Anayajua kwa mkono. Maji yakisukuma ubao, kana nayo inasukuma kiganja, na kiganja kinajua kama chombo kinakwenda vizuri, kama mkondo umebadilika, au kama tanga limebeba upepo kupita kiasi. Tangu mwanzo, basi, usukani ulikuwa na kazi mbili: kupeleka amri ya mtu chini kwenye maji, na kuleta habari za maji juu kwa mtu. Makala haya yanahusu kazi hiyo ya pili, ambayo wengi huisahau.

Kilichonifanya nishike kalamu ni usukani wa aina nyingine kabisa. Tangu majira ya baridi yaliyopita, katika chumba cha vijana cha jumuiya yetu hapa Södertälje, upo usukani wa kompyuta na pedali zake tatu, wa kuchezea michezo ya kuiga mbio za magari. Ndani yake mna mota inayousukuma mkono wa mchezaji. Kitaalamu huo ni usukani wenye mrejesho wa nguvu. Mimi nitauita usukani unaojibu. Umezua ubishi. Baadhi ya wazazi wanasema ni kitu cha kuchezea cha bei kubwa kinachowapotezea watoto muda. Vijana nao wameuwekea nguvu asilimia 100, unaitikisa meza kama mtu anayevunja mlango, na wanaamini kuwa kadiri unavyokuwa mzito ndivyo unavyofanana na gari la kweli. Kwa maoni yangu pande zote mbili hazijapata, na historia ndiyo itakayotuamua.

Mkono unaambiwa nini

Tuanze na gari lenyewe. Wengi mmewahi kusukuma toroli la duka kubwa na kuona jinsi magurudumu yake madogo yanavyojigeuza yenyewe kufuata upande unaokwenda. Yanafanya hivyo kwa sababu mhimili wa kugeukia uko mbele kidogo ya mahali gurudumu linapogusa sakafu. Gurudumu linaburutwa nyuma ya mhimili wake. Magurudumu ya mbele ya gari yamefungwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ndiyo maana ukitoka kwenye kona na kulegeza mikono, usukani unarudi wenyewe katikati.

Liko jambo la pili, la ndani zaidi. Tairi linapokata kona, mpira wake hupindika pale unapogusa barabara, na nguvu ya kulisukuma kando haikai katikati ya mguso huo bali nyuma yake kidogo. Umbali huo mdogo, sentimita chache tu, unaongeza nguvu ya kuurudisha usukani. Tairi likikaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara, sehemu ya nyuma ya mguso huanza kuteleza kwanza, na umbali ule hupungua. Matokeo yake ni kwamba usukani huanza kuwa mwepesi kabla gari halijaanza kuserereka. Si baada, bali kabla.

Wepesi huo ndio habari kubwa kuliko zote anazopata dereva kwa mkono. Anayeujua hulegeza kidogo, hupunguza mwendo, na abiria wake hawajui kuwa kulikuwa na jambo. Asiyeujua huendelea kukata usukani, akishangaa mbona leo ni laini hivi, mpaka gari linapokwenda moja kwa moja mtaroni.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi tuliohamia kaskazini. Uwezo wa tairi kushika lami kavu huhesabiwa kuwa takribani 0.8 hadi 1. Juu ya barafu hushuka hadi karibu 0.1. Maana yake, kwenye barafu habari ile ile inakuja kwa nong'ono, na inakuja mapema. Mtu aliyejifunza gari Morogoro au Nakuru anajua tope na changarawe, lakini hajawahi kusikia nong'ono la barafu. Serikali ya Sweden inalijua hilo: matairi ya baridi ni lazima kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi inapokuwapo hali ya baridi barabarani, na hakuna anayepewa leseni bila kupita kwanza kwenye uwanja wa utelezi, ule wanaouita halkbana. Lakini uwanja huo unapita mara moja tu, saa chache, kisha basi. Na katika jumuiya yetu wako wengi ambao riziki yao ni usukani: malori, mabasi, teksi. Kwao habari ya mkono si mchezo.

Wasweden kwenye tope letu

Historia ya Sweden na ya kwetu zimekutana kwenye usukani mara nyingi, na mahali penyewe ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya wenyeji. Tangu 1953 mpaka 1971 hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyeshinda, pamoja na makampuni ya Ulaya kuleta magari na madereva wake mashuhuri.

Mmoja wa mashuhuri hao alikuwa Erik Carlsson wa Trollhättan, aliyekuja na Saab 96, kigari chenye injini ya silinda tatu isiyofika lita moja. Mwaka 1963 alikuwa akiongoza alipomgonga muhanga usiku, safari ikamharibikia. Mwaka 1964 alimaliza wa pili. Mwaka uliofuata Sweden ilishinda bila Msweden: Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walichukua ushindi wa 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kukimbizwa na wengine katika mashindano. Wakenya wawili, gari kuukuu la Göteborg. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer.

Mlango wa wageni ulifunguliwa 1972 na Mfini Hannu Mikkola, akisomewa njia na Msweden Gunnar Palm, katika Ford Escort. Kisha akaja Björn Waldegård, mtu wa upande wa kaskazini ya Stockholm. Alishinda Safari mara nne: 1977 kwa Ford Escort, kisha 1984, 1986 na 1990 kwa Toyota Celica. Mwaka 1979 alikuwa bingwa wa dunia. Ushindi wake wa 1990, akiwa na umri wa miaka 46, ulimfanya mshindi mzee kuliko wote katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na rekodi hiyo ilisimama mpaka 2022, Sébastien Loeb aliposhinda Monte Carlo akiwa na miaka 47. Kwa upande wetu yuko Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano: 1973, kisha mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982. Hakuna aliyempita.

Kwa nini mtu wa theluji afaulu kwenye vumbi na tope? Zipo sababu nyingi, zikiwemo fedha, mafundi na uvumilivu. Lakini kama mhandisi naona moja isiyotajwa sana. Theluji na tope vinafundisha somo moja: barabara isiyoshika, na usukani unaosema kwa sauti ndogo. Saab ya Carlsson na Volvo ya akina Singh hazikuwa na kifaa chochote cha kumsaidia dereva kugeuza magurudumu. Jiwe lililogongwa na gurudumu lilifika mkononi kama lilivyo. Madereva wa njia mbovu mpaka leo hufundishana kutoingiza vidole gumba ndani ya usukani, kwa kuwa jiwe moja linaweza kuuzungusha ghafla na kukivunja kidole. Kumbukeni ushauri huo, tutauhitaji mbele.

Nguvu inaondolewa

Usukani unaosema kila kitu unachosha. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwenye malori, na haishangazi kwamba aliyelitatua alikuwa mtu wa malori. Francis W. Davis alikuwa mhandisi katika idara ya malori ya kampuni ya Pierce-Arrow huko Marekani. Aliacha kazi, akaunda mfumo wa kutumia mafuta yenye shinikizo kumsaidia dereva, na mwaka 1926 akauonyesha ukifanya kazi ndani ya gari. Watengenezaji hawakuuchangamkia. Ulitumika kwenye magari ya kijeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1951 Chrysler ikawa ya kwanza kuuza gari dogo la kawaida lenye mfumo huo. Mafundi wetu wa gereji huuita pawa, na gari lisilo na pawa siku hizi halipati mnunuzi.

Mji wetu huu umo ndani ya historia hiyo. Kampuni ya Vabis ilianzishwa hapa Södertälje mwaka 1891, ikaungana na Scania ya Malmö mwaka 1911, na malori yake yamekwenda dunia nzima. Kati ya 1969 na 1995 iliunganishwa na Saab, na tangu miaka ya 1970 injini za magari madogo ya Saab zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa. Wasomaji kutoka Tanzania watakumbuka kwamba katika miaka ya 1980 malori ya Scania yaliunganishwa Kibaha, kwenye kiwanda cha TAMCO. Dereva wa lori lililojaa pamba au saruji, akikata kona za Kitonga, alijua maana ya pawa kuliko mtu yeyote. Bila hiyo angegeuza usukani kwa mwili mzima.

Tusiseme, basi, kwamba Davis alikosea. Aliwapumzisha mamilioni ya mabega. Lakini mafuta yanayosaidia kusukuma pia yanameza. Nguvu inayotoka barabarani inapunguzwa pamoja na uzito wa kazi, na nong'ono ndilo la kwanza kupotea. Wahandisi wazuri walijitahidi kuacha mlango mdogo wazi ili habari ipite, wengine hawakujali. Mapema miaka ya 1990 Saab yenyewe ilijaribu gari la aina ya 9000 lenye kijiti mahali pa usukani. Halikuingia sokoni.

Nguvu inarudishwa

Wa kwanza kugundua hasara ya kuondoa nguvu walikuwa watu wa ndege. Ndege zilipokuwa za kasi, marubani hawakuweza tena kusogeza mabawa kwa misuli, wakapewa mifumo ya mafuta. Rubani akabaki ameshika mkono usiomwambia chochote, akiweza kuivunja ndege bila kujua. Ikabidi waongeze chemchemi na vifaa vingine vya kuutia mkono huo uzito wa kuundwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza watu walitengeneza kwa makusudi nguvu waliyokuwa wameiondoa.

Wa pili walikuwa watu wa nyuklia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Raymond Goertz, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, alitengeneza mikono ya mashine ya kushikia vitu vyenye mnururisho huku fundi amekaa nyuma ya ukuta. Aliona kwamba fundi asiyehisi anachoshika huvunja chupa. Mnamo 1954 alikuwa na mikono ya umeme ambamo mota zilimrudishia fundi nguvu ya kile kilichoshikwa upande wa pili. Usukani wa vijana wetu ni mjukuu wa mikono hiyo.

Michezo ilifuata. Mwaka 1976 mashine ya sarafu ya Sega iliyoitwa Moto-Cross ilitikisa mikono ya pikipiki mchezaji alipogonga. Huo ulikuwa mtetemo tu, kengele ya kusema umegonga. Hatua ya kweli ilikuja 1989, Atari Games ilipotoa Hard Drivin', mashine yenye kiti, klachi, gia na usukani uliosukumwa na mota kwa hesabu za matairi. Waliomba msaada wa Doug Milliken, mtaalamu wa mwenendo wa magari, kwa sababu walitaka mota iseme anachosema tairi.

Mwaka 1997 Microsoft iliingiza lugha ya nguvu hizo katika programu zake za kompyuta za nyumbani, na mwaka 1998 ikauza usukani wake wa kwanza unaojibu. Mwaka 2006 Logitech ikatoa G25: mota mbili, meno ya gia, mzunguko wa nyuzi 900, pedali tatu na gia ya mkono. Baadaye zikaja za mkanda badala ya meno, zilizo laini zaidi, na kisha zile ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota bila kitu katikati. Zamani hizo za mwisho zilikuwa za matajiri na timu za mashindano. Mwaka 2021 Fanatec ilileta moja ya bei nafuu yenye nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 5, au 8 ukiongeza kifaa kikubwa zaidi cha umeme. Usukani wa meno kama wa vijana wetu hutoa kama 2.

Sweden haikukaa pembeni. SimBin, studio ya Lidköping kando ya ziwa Vänern, ilitoa GTR mwaka 2005 na GTR 2 mwaka 2006, michezo iliyosifiwa kwa uaminifu wa hesabu zake. Na kwa wale wanaosema hivi ni vitu vya watoto: taasisi ya utafiti wa barabara, VTI, ina mashine kubwa za kuiga uendeshaji huko Linköping tangu miaka ya 1980, na nyingine Göteborg tangu 2011, za kuchunguza uchovu, utelezi na usalama. Tofauti na chumba chetu ni ya ukubwa na bei, si ya wazo.

Hata Safari imeingia humo. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na njia za Kenya na za Sweden katika sahani moja. Mwaka 2020 Safari ilipaswa kurudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kutoonekana humo tangu 2002, lakini janga la korona likaifuta. Mwaka huo huo mchezo wa WRC 9 ulitoka ukiwa na Kenya ndani yake. Kwa hiyo watu wengi duniani walilionja vumbi la Safari mpya kwenye skrini kabla magari ya kweli hayajafika Naivasha mwaka 2021.

Kuufunga na kuurekebisha

Sasa tuje kwenye meza ya vijana. Kanuni ni moja, na mengine yote yanatoka humo: lengo si uzito, ni habari.

Kwanza, meza. Mota inapousukuma mkono, inaisukuma pia meza. Meza ikicheza, habari inaishia kwenye mbao. Tafuteni meza nzito, kazeni vibano, na pedali ziegemezeni ukutani, la sivyo kila breki itazifukuza mbele. Kaeni karibu kiasi kwamba kiwiko kimekunjika na goti halijanyooka kabisa hata breki ikikanyagwa hadi mwisho.

Pili, washeni umeme na kuuacha usukani ujizungushe wenyewe bila kuushika. Unatafuta katikati yake; ukiushika unaudanganya. Kisha hakikisheni nyuzi za mzunguko zinalingana kati ya usukani na mchezo. Gari la kawaida, 900 ni sawa. Gari la rali, 540 hutosha.

Tatu, zimeni ile chemchemi ya kuurudisha katikati inayowekwa na programu. Hiyo inavuta katikati daima, hata tairi likiwa limekwisha kuteleza. Inaufuta wepesi ule niliousimulia, na wepesi ule ndio tuliofuata.

Nne, na hapa ndipo penye ubishi wetu: punguzeni nguvu. Mnakumbuka taarabu ya harusini kwa spika ndogo? Ukiifungua hadi mwisho, ngoma, fidla na sauti ya mwimbaji vinakuwa kelele moja. Spika imefika dari yake, na kila kinachozidi dari kinakatwa. Mota ya nyutoni-mita 2 ikiambiwa itoe 6 itatoa 2, na ikiambiwa itoe 4 itatoa 2 hiyo hiyo. Katikati ya kona, ambapo nguvu inapaswa kupanda, kufika kileleni na kushuka, mkono unapata ukuta tambarare. Michezo mingi ina kipimo kinachoonyesha nguvu ikigonga dari. Punguzeni nguvu ndani ya mchezo mpaka kipimo kiguse dari kwa nadra tu. Usukani utaonekana mwepesi siku ya kwanza. Siku ya tatu mtaanza kusikia.

Tano, usukani wa meno una uvivu karibu na katikati: nguvu ndogo sana hazifiki mkononi. Kipo kipimo cha nguvu ya chini kabisa. Kipandisheni polepole mpaka nong'ono lisikike, mkome kabla usukani haujaanza kutetemeka wenyewe. Na kile kipimo cha kuuzuia usukani usikimbie, kiwekeni chini. Kikizidi, ni kama kuvaa glavu za sufi.

Sita, breki. Pedali za bei ndogo hupima umbali zilipofika. Zilizo bora hupima nguvu ya mguu, kama gari la kweli. Mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali. Kama mnazo za umbali, wekeni mpira mgumu nyuma ya pedali, na pimeni upya ili asilimia 100 ije pale mguu unapokaza kwa nguvu mnayoweza kuirudia.

Saba, gia. Sweden ilihamia upande wa kulia wa barabara tarehe 3 Septemba 1967. Nyumbani tunaendesha kushoto, na gia inashikwa kwa mkono wa kushoto. Anayejiandaa kwa leseni ya hapa aifunge kulia. Anayetaka kuiendesha Safari kama Mehta, aifunge kushoto.

Mwisho, kile kidole gumba. Mota za siku hizi zenye nguvu zinaweza kumuumiza mtoto kama jiwe lilivyomuumiza dereva wa rali. Gumba libaki nje, na mdogo asiachwe peke yake na usukani wenye nguvu.

Baada ya hapo fanyeni jaribio hili. Chukueni kona ndefu kwa mwendo wa wastani, mzidishe kukata usukani taratibu, na kila mmoja aseme "sasa" anaposikia wepesi. Rudieni kwenye njia ya theluji. Mtaona "sasa" inakuja mapema zaidi na kwa sauti ndogo zaidi. Sidai kwamba aliyefanya hivi amekwisha kujua barafu. Mwili hauserereki pale mezani, na hofu haipo. Lakini atakapofika halkbana, mkono wake utakuwa unajua unangoja neno gani.

Usukani wa kesho ni wa nani

Kwa nini mhandisi wa miaka hamsini na kitu ajishughulishe hivi na kifaa cha chumba cha vijana? Kwa sababu gari la kweli nalo linageuka kuwa kifaa hicho.

Mwaka 2013 Volvo ya malori ilileta usukani wenye mota ya umeme juu ya mfumo wa mafuta. Mota inapokea hesabu mara nyingi kila sekunde, inafuta mishtuko ya mashimo na kuurudisha usukani katikati. Scania nayo ina mfumo wa jinsi hiyo. Mwaka huo huo Infiniti iliuza gari ambalo kwa kawaida usukani wake hauna muungano wa chuma na magurudumu: waya unapeleka amri, na mota inamrudishia dereva nguvu ya kuundwa, muungano wa chuma uliwekwa kama akiba tu. Mwaka 2023 Tesla ilianza kukabidhi Cybertruck, ambayo haina hata akiba hiyo ya chuma. Kwa maneno mengine, dereva wa gari hilo ameshika usukani unaojibu wa aina ile ile iliyopo mezani kwetu. Anachokisikia mkononi si barabara. Ni kile ambacho mtu fulani ameandika katika programu kwamba akisikie.

Si lazima iwe mbaya. Dereva wa lori anayefika nyumbani bila maumivu ya bega amepata jambo jema, na programu nzuri inaweza hata kulikuza nong'ono la barafu. Lakini programu inaweza pia kulizima kwa sababu wateja wanapenda ulaini. Katika mia moja ya miaka tangu Davis, nguvu ya usukani ilitoka kuwa jambo la maumbile, ikawa jambo la kuondolewa, na sasa ni jambo la kuamuliwa. Swali la nani anaamua mkono uambiwe nini halikuwapo zama za kana, kwa kuwa bahari haikuwa na programu.

Ndiyo maana nashauri usukani ule ubaki, na usiwe wa vijana peke yao. Madereva wetu wa malori na mabasi waje wakae pale jioni moja, waeleze wanachokisikia na wasichokisikia. Wana wa jumuiya hii wanaosoma uhandisi ndio watakaoandika programu za kesho, wengine pengine katika viwanda vya mji huu huu. Nataka wakifika huko wawe wamekwisha kujua kwa kiganja, si kwa kitabu, kuwa usukani una kazi mbili. Mzazi anayemwona mwanawe ameushika asiulize tu umeshinda au umeshindwa. Amuulize: umeusikia ukiwa mwepesi wapi?